Bi Jicho na Kioo cha Kijani

Jina lake la kuzaliwa limo katika kitambulisho chake, na huko linaishi kwa amani bila kusumbuliwa na mtu. Mtaa mzima humwita Bi Jicho. Aliyempachika jina hilo ni fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, zamani hizo Bi Jicho akiwa bado msichana anayeuza nyuzi. Fundi alikuwa ameishiwa uzi katikati ya suti ya bwana harusi, suti imebanwa chini ya sindano, haiwezi kwenda dukani kutafutiwa uzi unaofanana nayo. Bi Jicho akavuka barabara, akaitupia ile suti jicho moja tu, akarudi, na kati ya nyuzi kumi na nne za kijivu akachomoa mmoja. Fundi akashona, akaipeleka suti mlangoni penye jua, akautafuta mshono, akaukosa.

"Huyu si mtu," akawaambia waliokuwapo. "Hili ni jicho lenye miguu."

Tangu hapo jicho hilo ndilo lililomlisha. Kutoka kwenye nyuzi alihamia studio ya picha, akawa mtia rangi. Enzi za picha nyeusi na nyeupe alikuwa akizungushia pamba kwenye kijiti cha kibiriti, akaichovya, akawarudishia watu mashavu yao. Zilipokuja kompyuta, wenzake walisema zama zake zimekwisha. Yeye akajifunza kushika mausi kama mtu anayeshika kifaranga, asikibane na asikiachie, na baada ya miaka michache akafungua duka lake mwenyewe la kuchapa: picha za pasipoti, beji, vyeti, kadi za mwaliko.

Duka ni chumba kimoja chembamba kama droo. Mbele kuna kaunta, nyuma kuna pazia na kiti cha kupigia picha, na katikati, juu ya meza ya mbao iliyopinda kidogo kwa kubeba, imekaa monita ya zamani yenye kisogo kirefu, nzito kama gunia la mchanga. Wateja vijana huicheka. Mmoja aliwahi kumuuliza kama ndani yake kuna mtu.

"Hizo zenu bapa," Bi Jicho humjibu yeyote, "ukihama kiti, rangi nazo zinahama. Hii yangu, hata uchungulie kutoka mlangoni, nyekundu ni nyekundu."

Juu ya kisogo cha monita hukaa redio, na mbele ya redio hukaa mumewe, Refa. Hilo nalo ni jina la kazi. Kwa miaka ishirini na sita alipuliza filimbi katika viwanja vya vumbi na vya nyasi, na kwa miaka hiyo yote maelfu ya watu walimpigia kelele kwamba ni kipofu. Sasa amestaafu. Huja dukani asubuhi na mkewe, hupanga bahasha, hukata kadi kwa wembe mrefu wa mashine, na husikiliza mpira akibishana na marefa wa siku hizi kana kwamba wanamsikia.

"Umeona hiyo?" humwambia mkewe.

"Hiyo ni redio, baba. Nitaonaje?"

Basi maisha yao yalikuwa hayo, yamenyooka, mpaka Jumatatu moja alipoingia dereva wa lori na bahasha ya picha zake nne za pasipoti alizochukua Ijumaa.

"Bi Jicho," akasema, akiziweka juu ya kaunta, "huyu ni mimi au ni nyanya?"

Bi Jicho akatazama. Uso wa dereva, ambao kwa kawaida ni wa rangi ya kahawa nzito, ulikuwa umewiva kama aliyetolewa kwenye tanuri sasa hivi.

"Huko mpakani," dereva akaendelea, "wataniuliza nimekasirikia nani."

Wote watatu wakacheka. Bi Jicho akamchapia nyingine palepale, na kwa kuwa ilikuwa asubuhi, zikatoka safi. Dereva akaenda zake akiwa na uso wake wa kawaida. Lakini Bi Jicho alibaki amezishika zile nyekundu, na kicheko kilikuwa kimekwisha kumtoka. Alikumbuka vizuri alichokifanya. Ijumaa alasiri uso ule ule kwenye kioo cha monita ulikuwa na ukijani-kijani, kama wa mtu anayetaka kutapika, naye akaumiminia nyekundu mpaka ukapata uhai. Alichapa alichokiona. Aliona vibaya.

Siku hiyo alingoja. Saa tatu, kioo cheupe. Saa nne, cheupe. Ilipokaribia saa sita, ukurasa mtupu mbele yake ukaanza kugeuka taratibu, kama maji ya mtungi yanayoota ukungu, mpaka ukawa kijani kibichi chenye bluu ndani yake. Akapepesa macho. Akayafuta kwa pindo la nguo. Kijani hakikutoka.

"Refa," akaita. "Hebu njoo. Hii hapa ni rangi gani?"

Refa akainama, akatazama kwa ule utulivu wake wa kutazama mpira uliovuka mstari. "Nyeupe."

"Nyeupe kabisa?"

"Nyeupe kama jezi mpya. Kwani vipi?"

"Hamna kitu. Nilikuwa nauliza tu."

Mumewe alikuwa na kasoro zake, alikoroma na alipenda kuwasahihisha watu, lakini hakuwahi kumwambia uongo. Kama Refa anasema nyeupe, basi ni nyeupe, na kinachoota ukungu kila mchana ni macho yake yeye. Asubuhi yamepumzika, yanaona. Mchana yamechoka, yanadanganya. Mkono ukianza kutetemeka, mtu hukata karatasi polepole. Goti likiuma, mtu huketi. Jicho likidanganya hakuna upole utakaolisaidia, na Bi Jicho asiyeona rangi ni nani tena?

Angeweza kumuuliza mtu mwingine. Kuuliza si ujinga, wahenga wamesema. Lakini kwake kuuliza rangi kulikuwa sawa na mwalimu wa hesabu kuomba ahesabiwe vidole. Badala yake aliigeuza meza kidogo, kioo kikatazama ukuta, mteja yeyote asiweze kukiona.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, jioni ile ile akaja binti wa kaka yake, anacheka tangu mlangoni, mkononi ana kipande cha kitambaa kidogo kama leso.

"Shangazi! Hii ndiyo rangi. Ya wasimamizi, ya maua, ya kila kitu. Nataka kadi ziwe hivi hivi."

Bi Jicho akakipokea. Ilikuwa rangi ya komamanga lililoiva: haikukubali kuwa nyekundu wala haikukubali kuwa zambarau, ilikaa katikati na kuwacheka wote wawili.

"Lini?"

"Jumamosi tunaanza kuzigawa. Upande wa bwana harusi walitaka kuzipeleka kwa watu wao, wana mashine kubwa sijui ngapi. Nikawaambia hapana, shangazi yangu hajawahi kukosea rangi tangu nizaliwe." Akambusu shavuni. "Usiniangushe, maana nimekusifu mpaka mate yamenikauka."

Siku ya Jumanne Bi Jicho alipigana vita peke yake. Alibadilisha balbu ya dukani, akashusha pazia la dirishani, akaweka wino mpya kwenye printa, akaingia kwenye mipangilio ya kioo na kusogeza kila kilichosogea, akanunua miwani ya barabarani iliyombana pua, na kwa ushauri wa mganga asiyejulikana aliyewahi kumsikia redioni, akala karoti saba. Yote hayo kabla ya saa nne. Saa sita kijani kikarudi kama mpangaji mwenye ufunguo wake. Alipochapa kadi ya majaribio ikatoka rangi ya tofali.

"Mbona unakula karoti kama sungura?" Refa akamuuliza.

"Nina hamu nazo."

"Katika umri huu?"

Angecheka, lakini mdomo ulikuwa umejaa.

Jumatano ilikuwa hivyo hivyo, ila karoti zilikuwa zimekwisha. Alipofunga duka alikaa kwenye kile kiti cha kupigia picha, ambacho hajawahi kukikalia yeye, akamwambia mumewe.

"Nadhani macho yangu yamefika mwisho."

Akamweleza yote: dereva, ukungu wa kijani, tofali. Refa alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo peke yake lilikuwa ajabu. Halafu akakohoa, akatazama viatu vyake.

"Mimi kile kioo nakiona sawa," akasema polepole.

"Ndiyo. Ndilo ninalokuambia."

"Lakini hata mchezaji anayejirusha, refa humwita daktari aingie uwanjani. Kesho namleta fundi akitazame."

"Fundi wa nini, na kioo ni kizima? Nitampigia binti simu achukue kitambaa chake."

"Mpigie. Na mimi nitamleta fundi."

Alhamisi asubuhi Bi Jicho akapiga simu. Alisema kwa kifupi, kama mtu anayeng'oa jino: kwamba kazi imemshinda, kwamba binti aje alasiri achukue kitambaa, kwamba wale wenye mashine kubwa wataifanya vizuri. Upande wa pili binti akauliza: "Shangazi, unaumwa?" Akasema hapana, akakata.

Hajaiweka simu chini, fundi akaingia. Alikuwa mama mmoja mfupi mwenye ovaroli na mkoba wa ngozi uliochakaa pembeni, anayetengeneza redio na televisheni katika soko la juu. Wanamwita Fundi Kimoja, kwa sababu ya kanuni yake: badilisha kitu kimoja, tazama, ndipo ubadilishe kingine. Wateja wenye haraka humkimbia, na baada ya mwezi humrudia na kifaa kile kile kikiwa ndani ya mfuko, vipande vipande.

"Mgonjwa yuko wapi?" akauliza.

"Ni mimi," Bi Jicho akasema. "Mume wangu anakuficha ukweli tu. Kioo hakina kitu. Ikifika saa sita macho yangu yanakiona cha kijani."

"Umekwisha kujaribu nini?"

Bi Jicho akamtajia: balbu, pazia, wino, mipangilio, miwani, karoti.

"Kwa siku moja?"

"Kwa asubuhi moja."

Fundi Kimoja akafumba macho kama aliyechomwa mwiba. "Dada yangu, hata kama mojawapo ingekuwa dawa usingeijua. Umempikia mgonjwa sufuria ya dawa zote halafu unauliza ni ipi iliyomwendesha. Haya. Sasa hivi kioo naona ni cheupe. Wewe?"

"Cheupe. Asubuhi ninaona."

"Basi tungoje macho yako yaugue."

Akavuta kigoda akaketi. Hakugusa kitu isipokuwa redio, ambayo aliiinua kutoka juu ya monita na kumpa Refa mikononi kama mtu anayemrudishia mzazi mtoto mtundu.

"Spika ina sumaku," akasema. "Tazameni kona ile ya juu."

Kona ilikuwa na doa la zambarau ambalo Bi Jicho alikwisha kulizoea kama mtu anavyozoea kovu. Fundi akazima monita, akaiwasha, ikanguruma kwa ndani kama inayokohoa, na doa likawa limefifia, likabaki kivuli tu.

"Kumbe ni mimi?" Refa akasema, amekumbatia redio yake.

"Hilo ni wewe. Lakini zambarau ya pembeni haigeuzi ukurasa mzima kijani. Hicho ni kimoja. Tungoje cha pili."

Wakangoja. Fundi alikunywa chai, akasimulia habari za televisheni iliyokuwa na mjusi ndani. Refa akasimulia penalti. Ilipokaribia saa sita Bi Jicho aliacha kusikia chochote. Aliona ukingo wa ukurasa ukipoteza uchangamfu wake, kisha kati, kisha ukurasa wote ukaota ule ukungu. Alimtazama Fundi Kimoja, kama mshtakiwa anavyomtazama hakimu anayevaa miwani.

Fundi alikuwa ameinua kikombe, akakishusha.

"Ee," akasema. "Bwawa la vyura hilo."

"Unakiona?"

"Nisikione nina nini? Kijani mpaka kinanukia. Rangi nyekundu imedhoofika, hiyo. Kioo hiki kinachanganya nyekundu, kijani na bluu, ndipo kinapata nyeupe. Nyekundu ikijiondoa wanabaki wale wawili wanatamba."

Bi Jicho alishika ukingo wa meza. Kabla hajapumua, sauti ya Refa ikatoka nyuma yao, ya upole na ya kweli kabisa:

"Mbona mimi naona nyeupe?"

Wanawake wawili wakageuka pamoja.

Fundi Kimoja alifungua mkoba, akatoa vipande viwili vya waya, akaviweka juu ya kaunta. "Mzee, nipe huo mwekundu."

Refa akanyoosha mkono. Mkono ukasimama hewani. Akamtazama fundi usoni, akamtazama mkewe usoni, akitafuta dalili, kama alivyokuwa akiwasoma wachezaji waliomzunguka. Nyuso hazikumwambia kitu. Akachukua mmoja.

"Huo ni wa kijani," fundi akasema.

"Ndivyo nilivyodhani," Refa akasema.

"Refa!" Bi Jicho akasema. Kisha kwa sauti ya chini, kama mtu anayeamka: "Refa. Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe, nafikiri."

"Na kadi? Miaka ishirini na sita, kadi nyekundu na njano?"

"Njano mfuko wa kifuani. Nyekundu mfuko wa nyuma wa kaptula. Sijawahi kuchanganya mifuko."

"Na jezi?"

"Ikiwa ni nyekundu na kijani, niliagiza timu moja ivae fulana za mazoezi. Walifikiri nina kiburi."

Fundi Kimoja alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanamtikisika.

"Kwa hiyo wale watu waliokuwa wakikuita kipofu..." Bi Jicho akaanza.

"Kidogo walikuwa na haki," Refa akakubali. "Kuhusu kuotea hawakuwa na haki hata kidogo."

"Na mimi je? Miaka yote hii unaniambia shati hili limekaa, rangi hii nzuri?"

"Nilikuwa nasema unavyosema wewe. Ningefanyaje? Kwanza ningesema, wasingenipa filimbi. Halafu nikakuoa wewe. Mume wa Bi Jicho asimame mbele za watu aseme haoni rangi?" Akaiweka redio chini. "Ulipoita Jumatatu, nilitazama, nikaona nyeupe. Sikukudanganya, mama. Nilikuambia nilichokiona."

Alisema kweli. Hilo ndilo lililomchoma na kumchekesha Bi Jicho kwa pamoja: siku nne amejizika mzima kwa ushahidi wa mtu pekee mtaani ambaye kwake ule ukungu ulikuwa mweupe pe. Alianza kucheka, na kicheko kikabadilika katikati, kikawa na maji, akakifuta kwa pindo la nguo akaendelea kucheka.

"Karoti saba!" akamwambia. "Nimekula karoti saba kwa ajili yako!"

"Ndiyo maana nilikuuliza," Refa akasema.

Baada ya hapo kazi ikawa kazi. Fundi Kimoja akaanza na waya wa picha unaotoka kwenye kompyuta. Akautikisa, akaubadilisha na wake, akatazama: kijani. Akaurudisha ule wa kwanza. Kisha akachukua mpini wa bisibisi akaigonga monita ubavuni, ko, ko. Ukurasa ukawa mweupe mara moja, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Baada ya pumzi tatu kijani kikarudi.

"Mgonjwa yuko ndani," akasema, "na amelegea. Ikipoa wanashikana, ikipata joto wanaachana. Wengi wetu tuko hivyo."

Akazima, akachomoa waya wa umeme, akafungua kisogo. Kabla ya kutia mkono akaunyonya kwa waya wake mrefu ule umeme uliobaki umejificha. "Hizi huzimwa lakini hazifi," akawaambia, "msije mkajaribu wenyewe." Kisha akaangaza tochi kwenye kibao kidogo kilichovaa shingo ya kioo. Kilikuwa na nukta nyingi za lehemu, nyingi mno, zote zinang'aa sawasawa. Fundi akatoa kioo cha kukuzia, akatafuta, akasogea, akatafuta.

"Macho yangu nayo yamezeeka," akanung'unika. "Hapa mahali fulani pana ufa."

"Nipishe," Bi Jicho akasema.

Akavua ile miwani ya barabarani, akainama. Hakuchukua kioo cha kukuzia. Aliziacha zile nukta zipite mbele yake kama zilivyopita nyuzi kumi na nne za kijivu, bila kuilazimisha hata moja. Zote zilikuwa rangi ya fedha. Moja ilikuwa rangi ya fedha pia, lakini imechoka.

"Hiyo. Safu ya pili, ya tatu kutoka kushoto. Kuna pete ya kijivu imeizunguka, nyembamba kama unywele."

Fundi akasogeza tochi, akaigusa kwa ncha ya sindano. Ule mguu wa chuma ukacheza ndani ya lehemu kama jino la mtoto.

"Nani alisema una macho mabovu?" Fundi Kimoja akauliza.

Wote wawili wakamtazama Refa.

"Mimi sikusema," Refa akasema. "Mimi nilisema nyeupe."

Lehemu iliyeyuka, ukatoka moshi mwembamba wenye harufu ya utomvu, kisha ikaganda ikiwa na mng'ao mpya. Walipowasha, nyekundu ilikuwa imerudi, tena kwa fujo. Baada ya muda mrefu wa kudhoofika sasa ilijaa kupita kiasi, ukurasa ukawa na haya kama bibi harusi. Fundi akazunguka nyuma, kwenye vifundo vitatu vidogo vya kurekebishia rangi.

"Mimi mikono," akasema kutoka huko nyuma. "Wewe jicho. Nielekeze."

Bi Jicho akaisukuma meza mpaka kioo kikatazama mlango, akashika karatasi nyeupe kando yake, mchana wa mlangoni ukiiangukia.

"Punguza nyekundu. Tena. Tena kidogo. Umepita, rudi. Hapo! Sasa bluu, ongeza. Polepole, dada, unakimbilia wapi?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniambia hivyo," Fundi Kimoja akasema.

"Robo ya robo. Hapo. Usipumue."

Karatasi na kioo vikawa kitu kimoja, huwezi kusema kimoja kinaishia wapi. Lakini Fundi hakukubali kufunga mkoba. Kioo sasa kilikuwa kimepoa kwa kufunguliwa, na ugonjwa wake ulikuwa wa joto. Ilibidi kingojewe tena. Kwa hiyo binti alipofika alasiri, macho yamemvimba kwa kilio cha njiani, aliwakuta watu wazima watatu wamepanga viti mbele ya ukurasa mtupu, kimya, kama walio kwenye sinema.

"Mnatazama nini?"

"Nyeupe," Refa akasema. "Wanasema ni nyeupe. Mimi nimefungiwa kutoa maoni."

"Shangazi, umesema huwezi..."

"Nilisema asubuhi. Keti."

Binti akaketi. Bi Jicho alikuwa na saa ya mkononi lakini hakuitazama; alikuwa akiiwekea kiganja ubavu wa monita, akipima joto lake kama mama anayempapasa mtoto paji la uso. Ilipata uvuguvugu. Ikapata joto. Ikafika pale ilipokuwa ikifika Jumatatu, na Jumanne, na Jumatano. Alisogea mbele. Ukingo wa ukurasa ulikuwa mweupe. Kati palikuwa peupe. Fundi akaigonga ubavuni kwa mpini, ko, ko, na ukurasa haukushtuka.

"Nyeupe," Bi Jicho akasema, na hakumwuliza mtu.

Fundi Kimoja akaanza kukusanya bisibisi zake. Bi Jicho alikwisha kumnyooshea mpwa wake mkono. "Kitambaa."

Aliikoroga rangi mbele yao, akiinua nyekundu, akiishusha, akiitia bluu tone kwa tone. Binti aliyekuwa amesimama begani kwake alisema "hapo" mara tatu, na mara tatu Bi Jicho akamwambia bado. Kisha mwenyewe akaacha, akaondoa mkono kwenye mausi. Printa ikavuta karatasi, ikalia, ikatema kadi ya kwanza ingali na uvuguvugu.

Binti akaichukua, akaiweka juu ya kitambaa, akaenda nayo mlangoni. Alisimama huko muda, amewapa mgongo.

"Imekuwaje?" Refa akauliza. Akamgeukia mkewe. "Imetokaje, mama? Niambie."

Bi Jicho akafikiri. Amewaeleza watu rangi maisha yake yote, lakini kila mara kwa kuwaonyesha.

"Unajua komamanga," akasema, "ile chembe ya kwanza unapoipasua kwa jino? Kuna utamu unaotangulia, halafu nyuma yake kuna ukali mdogo, mpaka jicho moja linajifumba lenyewe."

Refa akaonja hewa. Jicho lake moja likajifumba.

"Basi imetoka vizuri," akasema.

"Mia mbili na hamsini, Shangazi," binti akaita kutoka mlangoni, bado hajageuka. "Zote ziwe hivi hivi."

"Baba," Bi Jicho akasema, akivuta kiti karibu na kioo, "noa wembe."